Kandege ka siti mbili, jua la Dar na hesabu ya kilo

Nimeamua nanunua. Hela ipo, wenzangu wawili tumekubaliana kuchangia, leseni ya urubani binafsi ninayo, kilichobaki ni kuchagua kandege kenyewe, na hapo ndipo utamu ulipo maana kila swali la ndege ukilichimba unakutana na kilo. Mke wangu kila jioni ananiuliza umefikia wapi, namjibu bado niko kwenye kilo.

Nazungumzia vile vindege vyepesi vya kurukia starehe, siti mbili, injini moja, matairi hayaingii ndani. Wamarekani waliviwekea mipaka mwaka 2004, uzito wa kuruka, na watu na mafuta ndani, usizidi kilo 600 (vya kutua majini 650), mwendo usizidi kama kilometa 222 kwa saa. Mwaka 2025 wakailegeza hiyo sheria, lakini vingi vilivyopo sokoni vilitengenezwa kwa kilo 600 na ndivyo ninavyoviangalia.

Moyo ulianza kwa Sling 2 ya Afrika Kusini. Jamaa walioibuni waliizungusha dunia nzima mwaka 2009, hilo tu lilinitosha kuipenda. Sasa ile niliyotumiwa makaratasi yake imesajiliwa kwa kilo 600 na ikiwa tupu ina 372. Toa hapo, unabaki na 228. Tenki zinabeba lita 150, lita moja ya petroli ni kama kilo 0.72, ukijaza full tenki umeshakula kilo 108, watu wanabakiwa na 120. Mi nina 84, mwenzangu 95. Haiwezekani! Ila nikageuza hesabu nikaanza na watu, 179, nikaongeza begi na majaketi ya kuokolea kilo 9, zikabaki 40 za mafuta yaani lita 55 hivi, na injini inakunywa kama lita 18 kwa saa, hapo una saa tatu, ukiweka akiba ya nusu saa bado Mafia unaenda na kurudi. Kwa safari zetu za Jumamosi inatosha kabisa. Muuzaji anakutajia lita za tenki na idadi ya siti, lakini hakwambii kwamba huwezi kuvijaza vyote kwa pamoja.

Kilichonirudisha nyuma ni jua. Sling bawa liko chini na juu yako ni kioo kitupu, inapendeza sana kwenye picha, ila saa saba mchana mwezi wa pili pale uwanja wa Nyerere unasubiri ruhusa ya kuondoka nyuma ya midege ya abiria, humo ndani ni oveni ya mkate. Bawa la juu linakupa kivuli, na ukiwa angani unaiona miamba ya matumbawe yote chini bila kuinamisha ndege upande. Sisi tunaruka kwa ajili ya kuangalia bahari, basi bawa liwe juu.

Ndo nikaenda kuangalia Tecnam P92 iliyotumika, ya Kiitaliano, bati la alumini, bawa juu, injini Rotax 912 ya nguvu farasi 100. Nikamchukua mzee mmoja fundi wa ndege, nimemwamkia tu shikamoo, akajibu marahaba mwanangu, tochi umekuja nayo? Rangi hakuiangalia kabisa. Alilala chali chini ya bawa, akafungua kifuniko kidogo cha ukaguzi, akamulika ndani, akapitisha kidole kwenye mstari wa riveti, vile vipini vinavyoshikilia bati, kikatoka na unga mweupe. Akanionyesha. "Chumvi imeila alumini hiyo. Hii imelala nje." Halafu akanivuta upande wa pili, riveti mbili tatu zina kamkia keusi nyuma yake kanakofuata upepo, akasema hizo zimelegea zinacheza, ule weusi ni alumini inayosagika. Yaani mi ningepita pale nikasifia viti.

Hapa kwetu upepo wa bahari hauna likizo, kusi ikiisha inakuja kaskazi, kwa hiyo nimeshaweka kwenye bajeti hanga, yaani banda la ndege, kwanza kabla ya redio nzuri na vioo vya kidijitali, na maji yasiyo ya chumvi ya kuoshea ndege kila tukitoka visiwani.

Injini yenyewe, hiyo Rotax, naipenda bila wasiwasi. Inakubali petroli ya kawaida ya oktani 95, siyo lazima mafuta ya ndege yenye madini ya risasi, tena hayo yakizidi yanaichafua na oili inabidi ibadilishwe mapema. Muda wake kabla ya kufumuliwa ni saa 2,000 au miaka 15, ila mipira yote, mabomba ya mafuta na ya maji, inabadilishwa kila miaka 5 hata kama ndege haikuruka. Kwenye ile P92 sikuona popote palipoandikwa mipira imebadilishwa lini. Hilo peke yake ni hela ndefu na ni la kupunguziwa bei.

Na bahari nayo. Injini ikizima, ndege hizi zinaenda mbele kama mita 10 kwa kila mita moja inayoshuka. Dar kwenda Unguja moja kwa moja ni kama kilometa 70, katikati uko mbali na nchi kavu. Ukipandisha mpaka Bagamoyo ndo uvuke, ni kama 45, ukiwa juu mita 2,300 kwa siku isiyo na upepo mkali kuna ufukwe unaufikia kutoka popote. Nimewaambia wenzangu sisi tutapita Bagamoyo, muda unaongezeka kidogo, sawa tu, mmoja akanuna lakini kakubali.

Ile ya unga mweupe nimeiacha. Kuna P92 nyingine Afrika Kusini, imelala hangani bara mbali na bahari, nimemwandikia mwenye nayo anitumie picha za riveti kwa karibu, kurasa zote za logibuku (daftari la kumbukumbu za ndege), na karatasi ya kupimwa uzito mara ya mwisho. Jumatatu napeleka makaratasi TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, niulize kama wataikubali kuingia kwenye usajili wa 5H, yaani wa ndege za Tanzania, kabla hatujatoa hata senti ya arbuni.