Mama alivyougua melini, na hela ya matibabu nilivyoirudisha

Mwaka jana mama alikuja kunitembelea hapa Houston, nikasema ngoja nimpandishe zile meli kubwa za kitalii za bandari ya Galveston zinazokwenda Cozumel, kisiwa cha Mexico, siku 5. Sasa mama ni mtu wa Pangani, mashua kapanda tangu yuko mgongoni, kwahiyo siku ya pili tupo katikati ya Ghuba ya Mexico akaanza kutapika nikamwambia ni bahari tu hiyo, akanikata jicho: "Mimi na kutapishwa na bahari wapi na wapi? Hili tumbo."

Kufika jioni kalegea, na ana kisukari, nikapiga simu ya kebini wakasema mlete klinik. Iko huko chini kabisa, karibu na mlango wa kushukia bandarini, hakuna zulia wala taa za mbwembwe kama juu. Kitu cha kwanza wanachukua kadi yako ya kebini, ileile unayonunulia soda, bili yote inaingia humo. Nesi akauliza kaharisha mara ngapi, na mkalimani ndo mimi mtoto wa kiume, jamani, mama kavuta kanga usoni anaongea na ukuta, "mwambie... mara sita." Wakapima sukari, presha, moyo, wakamtundikia dripu. Daktari, Msauzi mmoja mpole, akasema metformin, dawa yake ya kisukari, aiache kwanza mpaka ale na kunywa vizuri, maana mwili umeishiwa maji. Na mimi toka asubuhi namkazania ameze!

Baada ya hapo kufungiwa kebini mpaka yapite masaa 24 tumbo limetulia, chakula kinaletwa mlangoni. Wanaogopa norovirus, kirusi cha kutapisha na kuharisha, melini inasambaa kama moto wa makuti, na ile jeli ya mikono wanayoweka mlangoni mwa mgahawa haiiwezi vizuri, nawa kwa maji na sabuni.

Bili ikaja dola 712. Bima yako wao haiwahusu, unalipa halafu utajijua huko mbele. Bahati nilishamkatia mama bima ya safari, na nilisoma yale maandishi madogo nikachagua inayokubali mtu mwenye kisukari na inayolipia helikopta kama mgonjwa akizidiwa. Asubuhi ya kushuka watu wapo foleni na mabegi, mi nikarudi klinik kudai bili yenye mchanganuo wa kila kitu pamoja na maelezo ya daktari, maana meli ikishaondoka na watu wengine utamtafuta nani? Bima wakanizungusha weee, mara hiki mara kile, yale maelezo ya daktari ndo yaliwanyamazisha, wiki ya sita wakalipa, wakakata dola 100 za mwanzo kama mkataba ulivyosema.

Cozumel yenyewe mama hakushuka. Na kebini yetu ilikuwa ya bei chee, haina hata dirisha, Cozumel kaiangalia kwenye TV, kuna chaneli inaonyesha kamera ya mbele ya meli. Ila mpigie simu sa hivi huko Pangani, atakwambia Mexico kafika na watu wake wastaarabu sana.