Mets na mechi 8,019 za kusubiri mchezo bila hiti

Ubao wa matokeo wa besiboli huishia na safu tatu: R ni mikimbio, yaani pointi, H ni hiti, yaani pigo linalomfikisha mpigaji kwenye besi, vituo vya kukimbilia uwanjani, na E ni makosa ya walinzi. Mchezo bila hiti ni ule ambao iningi 9, yaani vipindi vyake, zimekwisha na chini ya H ya timu moja bado imesimama sifuri. New York Mets walicheza mechi yao ya kwanza tarehe 11 Aprili 1962. Warushaji wao hawakuweza kuilinda sifuri hiyo hadi mwisho hata mara moja, mpaka tarehe 1 Juni 2012. Kabla ya usiku huo zilikuwa zimepita mechi 8,019.

Kwa aliyezoea kandanda, asifikirie golikipa kumaliza mechi bila kufungwa. Hilo hutokea kila wikendi. Hapa mrushaji anatakiwa kuwatoa wapigaji 27, watatu katika kila iningi, na asiwepo hata mmoja aliyefika besi kwa nguvu ya pigo lake. Ila zipo njia nyingine za kufika besi, na hizo hazihesabiwi kuwa hiti: mrushaji akirusha mipira minne nje ya eneo la straiki, nafasi halali ya kurushia mpira mbele ya mpigaji, mpigaji anapewa besi ya bure, mpira ukimgonga mwilini, anapewa besi, mlinzi akiuangusha mpira ambao angeudaka kwa juhudi ya kawaida, mtunza alama rasmi anaandika kosa, E, na H inabaki ilivyokuwa. Kwa hiyo timu inaweza kukosa hiti na bado ikapata mkimbio. Mets wenyewe yaliwakuta tarehe 8 Septemba 1993: Darryl Kile wa Houston Astros hakuwaruhusu hiti hata moja, na matokeo yakawa 7–1.

Tangu 1991 kanuni ni kali zaidi. Lazima mchezo ufike iningi 9 au zaidi na uishe kabisa bila hiti. Kamati ya ligi ilipopitisha tafsiri hiyo, michezo 50 ilifutwa kwenye orodha kwa siku moja. Mmojawapo ni ule wa Harvey Haddix wa Pittsburgh, ambaye mwaka 1959 aliwatoa wapigaji 36 mfululizo, iningi 12 bila mtu kufika besi, kisha akapoteza yote katika iningi ya 13.

Watu wengi wa New York waliita ukame wa Mets mkosi. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwamba haukuhitaji mkosi. Chukua timu ambayo wapigaji wake hupata hiti mara 25 katika kila majaribio 100. Uwezekano wa mpigaji mmoja kukosa ni 0.75. Uwezekano wa 27 kukosa mfululizo ni 0.75 ikizidishwa yenyewe mara 27, nayo ni takriban mara 1 katika mechi 2,360. Kwa mechi 8,019 ungetarajia michezo mitatu na kitu. Uwezekano wa kutopata hata mmoja ni kama 3 katika 100. Ukipandisha kiwango cha hiti kidogo tu, kutoka 25 hadi 26 katika 100, mchezo bila hiti unakuwa mara 1 katika mechi 3,400 hivi, na uwezekano wa kukaa miaka yote hiyo mikavu unapanda hadi karibu 9 katika 100. Hiti moja ya ziada katika majaribio 100 imebadilisha jibu kiasi hicho. Na ligi ina timu 30. Mojawapo kuangukia upande huo si ajabu. San Diego Padres walikaa zaidi yao: walianza 1969 na wakapata wao wa kwanza tarehe 9 Aprili 2021, kupitia Joe Musgrove, katika mechi yao ya 8,206.

Kilichowauma mashabiki ni kwamba timu hii haikuwahi kupungukiwa na warushaji. Wapinzani nao hawakungoja. Sandy Koufax aliwafanyia Mets mchezo bila hiti tarehe 30 Juni 1962, timu ikiwa na miezi mitatu tu, na katika iningi ya kwanza aliwatoa watatu kwa mipira 9. Jim Bunning akaja na mchezo mkamilifu, yaani hakuna aliyefika besi kwa njia yoyote ile, tarehe 21 Juni 1964 pale Shea Stadium. Kisha Bob Moose 1969, Bill Stoneman 1972, Ed Halicki 1975, Kile 1993. Mara sita wamefanyiwa kabla wao hawajafanya hata mara moja.

Aliyestahili kuuvunja ukame ni Tom Seaver, mrushaji wa Mets. Tarehe 9 Julai 1969, dhidi ya Chicago Cubs, aliwatoa wapigaji 25 wa mwanzo bila mmoja kugusa besi ya kwanza. Iningi ya 9 ilianza kwa Randy Hundley kujaribu kumvizia kwa pigo la kugusisha mpira tu, akatolewa. Walibaki wawili. Akaingia Jimmy Qualls, kijana ambaye hakuwa na jina lolote ligini, akaupiga mpira ukaanguka mahali pasipo na mtu kati ya mlinzi wa kushoto na wa katikati. Seaver aliwatoa wawili waliofuata na Mets wakashinda 4–0.

Mwaka 1972, tarehe 4 Julai, alifika tena iningi ya 9 akiwa na sifuri, mmoja ametolewa, na Leron Lee wa San Diego akaivunja. Mwaka 1975, tarehe 24 Septemba, alikaribia zaidi: wawili walikuwa wametolewa katika iningi ya 9 pale Joe Wallis wa Cubs alipopata hiti. Hapa kuna jambo ambalo husahaulika. Mchezo huo ulikuwa 0–0. Hata kama angemtoa Wallis, angekuwa amemaliza iningi 9 bila hiti na bado asingekuwa na kitu mkononi, kwa sababu mchezo ungeendelea. Uliendelea hadi iningi ya 11, Mets wakapoteza 1–0. Mrushaji huhitaji wapigaji wake wampatie angalau mkimbio mmoja, la sivyo kazi yake haina mwisho.

Tarehe 15 Juni 1977 Mets walimhamishia Seaver Cincinnati Reds. Tarehe 16 Juni 1978, mwaka mmoja na siku moja baadaye, akaupata mchezo bila hiti dhidi ya St. Louis Cardinals. Nolan Ryan aliondoka Mets baada ya msimu wa 1971 na akapata michezo saba bila hiti kwa timu nyingine, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine aliyeifikia. Mike Scott, naye aliyewahi kuwa Mets, alipata wake kwa Houston 1986. Dwight Gooden alipata wake 1996 na David Cone mchezo mkamilifu 1999, wote wawili wakiwa wameondoka Mets na kuwa Yankees, jirani wa mji uleule. Hilo la Yankees ndilo lilikuwa gumu kumeza kuliko yote.

Sasa tarehe 1 Juni 2012, Citi Field, dhidi ya Cardinals waliokuwa mabingwa watetezi. Mrushaji ni Johan Santana, Mvenezuela wa mkono wa kushoto, aliyefanyiwa upasuaji wa bega Septemba 2010 na kukosa msimu mzima wa 2011. Kocha Terry Collins alikuwa amepanga asizidi mipira 110 au 115. Ni kikomo cha busara, maana bega lililoshonwa halijui kama H inasoma sifuri. Tatizo ni kwamba Santana alitoa besi za bure 5 usiku ule. Kila moja hula mipira isiyopungua minne, kwa hiyo angalau mipira 20 ilikwenda bila kumtoa mtu. Ndiyo njia ya kawaida mchezo wa namna hii unavyofia mikononi mwa kocha: si kwa hiti, ila kwa hesabu ya mipira kuisha kabla ya iningi kuisha.

Iningi ya 6, Carlos Beltrán, aliyekuwa mchezaji wa Mets hadi mwaka mmoja nyuma, aliupiga mpira wa chini wenye kasi ukapita pembeni ya besi ya tatu. Kwa kanuni, mstari ni sehemu ya uwanja. Mpira unaoangukia kwenye chaki nyuma ya besi ya tatu ni halali. Mwamuzi wa besi ya tatu, Adrian Johnson, aliita faulo, yaani mpira uliotoka nje ya mstari. Picha za marudio zilionyesha alama pale mpira ulipoigusa chaki. Mwaka 2012 marudio ya video yalitumika kwa homurani tu, mipira inayopigwa nje ya uwanja, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kukata rufaa. Beltrán akarudi kupiga, akatolewa.

Je, mchezo ule ni halali? Ni halali, na hauhitaji alama ya nyota pembeni. Kila mchezo bila hiti umepita mikononi mwa waamuzi na mtunza alama. Tofauti ni kwamba huu una picha. Ukianza kuusafisha huu, itabidi upitie maamuzi ya miaka yote kabla ya kamera, nayo hayapitiki. Lakini anayesimulia usiku huo bila kumtaja Beltrán anapunja hadithi.

Iningi ya 7, Yadier Molina aliupeleka mpira mbali upande wa kushoto. Mike Baxter, mtoto wa Queens, eneo lenyewe ulipo uwanja, alirudi mbio huku uso wake ukifuata mpira. Akaunyoshea glavu, akaudaka, na hatua iliyofuata ikamgonganisha bega na ukuta. Alianguka kwenye njia ya changarawe chini ya ukuta, mpira ukiwa bado ndani ya glavu. Angeupunguza mwendo hatua moja ili kujilinda, ungempita. Aliumia pale bega linapoungana na kifua na akakaa nje kama miezi miwili.

Iningi ya 9: Matt Holliday akadakwa katikati, Allen Craig akadakwa kushoto. David Freese alifika mipira mitatu nje na straiki mbili, na straiki ya tatu humtoa mpigaji. Santana akamrushia silaha yake ya siku zote, mpira wa kupunguza kasi, ambao mkono hutoka kama wa mpira wa kasi lakini mpira wenyewe huchelewa kufika na kushuka. Freese alizungusha gongo mapema. Matokeo 8–0, mipira 134, mingi kuliko aliyowahi kurusha katika mchezo wowote maishani.

Gharama ilionekana baadaye. Usiku ule wastani wake wa mikimbio kwa iningi 9 ulikuwa 2.38, msimu wake ulipokatika Agosti ulikuwa umefika 4.85. Mwaka 2013 bega lilichanika tena, akafanyiwa upasuaji wa pili, na hakurusha tena mpira katika ligi kuu. Kusema kwamba mipira 134 ndiyo iliyommaliza ni kurahisisha mno, kwa kuwa bega lile lilikwisha kushonwa mara moja. Collins alimwacha aendelee, na uso wake katika iningi za mwisho haukuwa wa mtu anayefurahi.

Ukame ulipokatika, mambo hayakugeuka mvua. Mwaka 2015 Mets walifanyiwa mara mbili nyumbani kwao, na Chris Heston wa San Francisco mwezi Juni na Max Scherzer wa Washington tarehe 3 Oktoba. Scherzer aliwatoa 17 kwa straiki, na aliyefika besi alifika kwa kosa la mlinzi tu.

Wa pili wa Mets ulikuja tarehe 29 Aprili 2022 dhidi ya Philadelphia Phillies, 3–0, na uligawanywa kwa warushaji watano. Tylor Megill alianza na iningi 5 kwa mipira 88. Kwa hesabu za siku hizi hapo ndipo mrushaji wa kuanza hutolewa, sifuri au si sifuri. Drew Smith akachukua iningi moja na mtu mmoja zaidi, akiwatoa wote wanne kwa straiki. Joely Rodríguez iningi moja, Seth Lugo watu wawili, Edwin Díaz iningi ya 9. Jumla mipira 159 na besi za bure 6. Ukiandika mchezo kama huu kwenye karatasi ya alama, chora mstari mzito chini ya mpigaji wa mwisho wa kila mrushaji, maana Smith na Lugo waligawana iningi na wenzao katikati na ni rahisi kumpa mtu wapigaji wasio wake.

Kuna wanaosema wa namna hii ni mdogo kuliko wa Santana. Kwa mrushaji, ndiyo. Hakuna aliyebeba mzigo peke yake. Kwa timu ni mgumu vilevile, kwa kuwa watano wote lazima wawe sawa usiku uleule, na mmoja akiamka vibaya wanne wamepoteza. Katika iningi ya 3 Brandon Nimmo alilazimika kujirusha chini katikati ya uwanja kuudaka mpira wa Jean Segura. Katika iningi ya 9 hakuna mlinzi aliyehitajika kukimbia: Díaz aliwatoa Harper, Castellanos na Realmuto, wote watatu kwa straiki.