Rozari, Pumzi na Mapigo ya Moyo

Katika jumuiya yetu hapa Kihesa, Iringa, mgonjwa akilazwa tunamwombea, na akirudi nyumbani tunakwenda kusali naye. Mimi ni mmoja wa wanaokwenda. Hata hivyo, ninapoulizwa kama sayansi imethibitisha kwamba kumwombea mtu aliye mbali humponya, jibu langu ni hapana.

Utafiti unaotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 2006 na Herbert Benson na wenzake, nao ulihusisha wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali 6 za Marekani. Miongoni mwa walioambiwa kwamba huenda wangeombewa au wasiombewe, asilimia 52 ya walioombewa walipata matatizo baada ya upasuaji, na asilimia 51 ya wasioombewa. Walioambiwa kwa uhakika kwamba wanaombewa walifikia asilimia 59. Watafiti walisema huenda tofauti hiyo ilitokea kwa bahati tu, lakini aliyewahi kuona uso wa mgonjwa pale jumuiya nzima inapoingia chumbani ikiongozwa na katekista hatashangaa mtu akianza kujiuliza kama hali yake imefikia huko.

Isitoshe, waombaji wale walikuwa wageni kabisa, waliopewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi ya kwanza ya jina la ukoo, na hakuna ndugu aliyezuiwa kumwombea mtu wake nyumbani. Kwa maoni yangu, sala ya namna hiyo haifanani sana na ile tunayoisali sisi tukiwa tumeketi mkekani kando ya kitanda.

Kinachonivutia zaidi ni utafiti mdogo wa Luciano Bernardi wa Italia, uliochapishwa mwaka 2001, ambapo watu wazima 23 wenye afya walisali rozari kwa Kilatini. Kama tufanyavyo sisi, kiongozi husali nusu ya kwanza ya Salamu Maria na wengine huitikia nusu ya pili, na mzunguko mzima huchukua takriban sekunde 10, hivyo pumzi hushuka hadi kama 6 kwa dakika. Kwa mwendo huo, mfumo wa mwili unaorekebisha mapigo ya moyo kulingana na shinikizo la damu hufanya kazi vizuri zaidi. (Sisi huku, wingu la mvua likionekana, hatufiki hata sekunde 10.) Watafiti waliona mabadiliko yaleyale walipotamka mantra za yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa.

Swali la kama maombi huponya si dogo kwa nyanda zetu za juu, kwa kuwa Njombe, jirani zetu, asilimia 12.7 ya watu wazima walikuwa na virusi vya UKIMWI katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, na bado wapo wahubiri wanaowaambia watu waache ARV, dawa za kudhibiti virusi hivyo, kwa sababu wameshaombewa. Hao hawana utafiti wa kuwaunga mkono: wale wagonjwa wa Benson, walioombewa na wasioombewa, wote walifanyiwa upasuaji.