Miguu kuganda Rovaniemi, Finland: dawa ni soksi chache

Kilichokuwa kikinigandisha vidole kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ni jozi tatu za soksi za pamba ndani ya buti lililobana. Pamba hunywa jasho ikabaki mbichi, na mguu ukibanwa damu haifiki vidoleni. Nikavaa soksi moja nyembamba ya sintetiki, juu yake moja nene ya sufu, na buti lililozidi saizi moja ili vidole vicheze. Ndani ya buti, chini ya mguu, nikaweka soli ya sufu iliyoshindiliwa, maana baridi hupandia kwenye theluji. Mitumba ya soko la Kongowea, Mombasa, ina sufu, ila soma lebo. Nyingi ni akriliki tupu, yaani sintetiki inayofanana na sufu. Usiku toa soli zikauke, mbali na hita.