Punda wa nani huyo?

Leo siku ya tano na swali la Baba bado limenikwama kooni kama mwiba wa changu.

Jumapili usiku nilimtumia sauti niliyorekodi kisiwani Robben, karibu na Cape Town huku Afrika Kusini, pengwini wa Afrika ninaowatafiti wakilia jua likizama. Mnaonisoma tangu mwaka jana mnakijua kilio hicho: ndege anainua mdomo juu, anatanua mabawa, anavuta pumzi kwa mkwaruzo kisha anaiachia yote. Punda mtupu. Sikuandika maelezo yoyote, nilitaka tu acheke. Akapiga mwenyewe, jambo asilolifanya kwa kuonea uchungu salio lake.

"Punda wa nani huyo?"

"Si punda, Baba. Ndio ndege wangu hao."

"Punda tele huku muyini, nawe umekwenda kuwatafuta huko?"

Tukacheka, na Mama akasikika nyuma akiitaka simu. Ningeaga hapo hapo ningelala vizuri wiki nzima. Lakini nikaanza kujigamba. Nikamwambia hawa si ndege wa kawaida, jozi zinazotaga hazifiki 10,000 dunia nzima, na Oktoba 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imewaweka daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Nikamwambia sadini, hawa hawa tunaowala wa kopo, wengi wamehamia mashariki, na waliobaki huku magharibi ndege wanawagombania na meli za nyavu. Nilisema kwa sauti ya darasani, najijua. Akanyamaza kidogo.

"Wakisha hao, mwanangu, utahesabu nini?"

Nikacheka cheko la uongo nikasema mtandao mbaya. Mtandao haukuwa na ubaya wowote.

Sijui kama alitania. Ndilo linalonisumbua, maana Baba akitania na akiumia sauti ni ile ile. Huyu ni mtu aliyevua miaka 40. Pale alipokuwa akijaza mashua kwa mshipi, aliwahi kuniambia, siku hizi hurudi na kitoweo tu. Huenda hakuwa akiniuliza mimi hata kidogo.

Jumatano pendekezo langu la utafiti limepita, wakanipa mikono, na natoka mlangoni huku namjibu Baba kichwani. Jibu la kwanza: hawataisha, maana Machi 2025 mahakama imeamuru uvuvi wa sadini na anchovi, samaki wadogo wanaowala, ufungwe kuzunguka makazi yao 6 kwa miaka 10, na Robben imo. Jibu la pili: nitahesabu samaki. La tatu ni la hasira, silisemi hapa.

Jana tukavuka kwenda Robben. Nyumbani sasa ni kaskazi. Huku miezi hii hii ndiyo upepo wa kusini-mashariki unapofoka, na ulikuwa umevuma siku tatu bila kupumzika. Unayasukuma maji ya juu yaende zake nje, kisha yale ya chini yanapanda kushika nafasi, baridi na yenye rutuba, na hiyo ndiyo inayolisha vijidudu, vijidudu vinalisha sadini, na sadini ndege wangu. Nilitia mkono majini pale gatini. Vidole vikafa ganzi kabla sijamaliza kujuta.

Wengi wako kwenye kubadili manyoya. Ukimwona pengwini wakati huo utamhurumia: ametutumka, manyoya yanamtoka kama godoro la sufi lililochanika, amesimama chini ya kichaka amenuna. Haingii majini wiki tatu, kwa sababu manyoya mapya bado hayajazuia maji na baridi itamuua. Kwa hiyo anafunga, usiku na mchana, hakuna daku hakuna futari. Asiponenepa kabla ya kupanda nchi kavu, haimalizi funga yake.

Basi kwenye darubini akaingia mmoja, mnene! Tumbo limemwagika mpaka kwenye vidole, amesimama kama shehe aliyetoka karamuni. Nilicheka peke yangu kwenye ule upepo, na kwa kucheka nikamwandika mara mbili kwenye daftari, ikabidi nikate. Ndege mnene ana maana moja tu: kuna mahali, si mbali sana, samaki wapo.

Nikampiga picha nikamtumia Baba. Usiku akajibu kwa sauti, sekunde 11.

"Huyu ameshiba. Anavua wapi huyu?"

Hakusema zaidi. Swali langu la utafiti, kurasa 34, mzee ameliuliza kwa maneno matatu, tena kwa sauti ya mvuvi anayepeleleza siri ya mwenzake.

Nimeisikiliza mara nyingi mno kutafuta kama kuna kicheko ndani yake. Mara ya nane hivi nikasikia kitu kingine, mwisho kabisa, nyuma ya Baba: pikipiki inapigwa kiki. Naujua mlio ule, ekzosi imetoboka. Ni ile ile ambayo mdogo wangu aliniapia mwezi wa tisa kwamba ameiuza, na mguuni bado ana vyuma.