Tarehe Juu ya Ganda

Asubuhi ya leo nilifika bandani mapema kuliko kawaida yangu, nikamkuta kuku wangu mwekundu amesimama ndani ya kiota, mwili umeinama na mkia umeshuka, na kabla sijarudi nyuma ili nimwachie faragha yake, yai likatoka. Huu ni mwaka wa sita nikifuga kuku nyuma ya nyumba, na tukio hilo nimelishuhudia mara chache mno, kwa sababu kuku anayetaga hupenda kificho na hukereka akitazamwa. Nilisubiri ashuke na kuanza kutetea kwa majivuno, kisha nikaliokota. Lilikuwa na joto kuliko kiganja changu, kwa kuwa mwili wa kuku huwa na joto la takriban nyuzi 41 za Selsiasi, na ganda lake lilimeremeta kwa unyevu kama kokoto iliyotoka mtoni sasa hivi. Nikiwa nimelishika vivyo hivyo, unyevu ule ukaanza kukauka, kwanza ubavuni, kisha kwenye ncha, na baada ya muda mfupi nikabaki na yai kavu, lisilo na mng'ao wowote, kama mengine yote yaliyomo kwenye kikapu.

Kilichokauka mkononi mwangu si maji matupu. Ni utando mwembamba ambao kuku huupaka juu ya ganda katika hatua ya mwisho ya safari ya yai ndani ya mwili wake, safari inayochukua takriban saa 25, na kati ya hizo saa zipatazo 20 hutumika kutengeneza ganda peke yake. Ganda hilo, pamoja na ugumu wake, lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, maana lisingekuwa navyo kifaranga angekosa hewa, na utando huo ndio unaoviziba ili vijidudu visiingie na maji ya ndani yasipotee haraka.

Laiti ningelijua hilo tangu mwanzo. Katika miaka yangu miwili ya kwanza sikuwahi kumpa mtu yai ambalo sikuliosha, tena nililiosha kwa bidii, nikilisugua kwa brashi mpaka liwe jeupe pe, kisha nikiyatumbukiza mayai yenye vuguvugu la kiota katika beseni la maji baridi. Niliona fahari kubwa kupeleka mayai safi kwa watu. Kumbe kwanza nilikuwa nikiuondoa utando, na pili nilikuwa nikiyasaidia maji machafu ya beseni kuingia ndani, kwa sababu yai lenye joto likikutana na maji ya baridi, vilivyomo ndani husinyaa, na kusinyaa huko huvuta kilichopo nje kupitia vile vitundu. Anayelazimika kuosha hutakiwa kutumia maji yenye joto kuliko yai lenyewe, nalo likishaoshwa likaushwe na kuwekwa kwenye jokofu.

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilishangaa kuona kwamba hata mataifa hayana kauli moja. Nchini Marekani mayai ya biashara huoshwa, kisha hukaa kwenye ubaridi mpaka yamfikie mlaji, ilhali katika nchi za Umoja wa Ulaya mayai ya daraja A, yaani yale yanayouzwa kwa walaji, kwa kawaida hayaruhusiwi kuoshwa kabisa. Kwa muda niliamini kwamba upande mmoja lazima uwe umekosea. Sasa naona kila upande una hoja yake iliyokamilika: aliyeiondoa kinga ya kuku hana budi kuweka nyingine, ambayo ni ubaridi, na asiyeiondoa hana budi kuhakikisha kwamba yai halichafuki tangu linapotagwa. Kosa ni kuchukua nusu ya huku na nusu ya kule, yaani kuosha mayai halafu kuyaacha mezani juma zima, na hilo hasa ndilo nililokuwa nikilifanya.

Siku hizi kazi yangu ya usafi imehamia kwenye kiota. Nabadilisha maranda mara yanapoanza kuloa, naokota mayai asubuhi na alasiri, na nimepandisha vijiti vya kulalia viwe juu kuliko viota ili kuku wasipende kulala, na kunya, mahali wanapotagia. Yai lenye vumbi kidogo hufutwa kwa kitambaa kikavu. Yai lililopakaa kinyesi huoshwa na kuliwa nyumbani kwangu siku hiyohiyo, likiwa limeiva sawasawa, wala halivuki ua kwenda kwa mtu mwingine. Lenye ufa halipewi mtu kamwe, hata ufa uwe mwembamba kama unywele. Huwa nayagonganisha mayai mawili taratibu karibu na sikio, na lenye ufa hujitangaza kwa mlio mkavu usio na uzima.

Hata hivyo, jambo lililonifundisha kutumia penseli halikuwa uchafu. Lilikuwa swali.

Katika mwaka wa pili nilikuwa bado na jogoo, na mmoja wa kuku wangu, koo mweusi mwenye hila nyingi, aliacha kutaga bandani. Nilidhani amechoka. Siku moja, nikiondoa mbao zilizopangwa nyuma ya ua, nikamkuta amejikunyata juu ya mayai 11, amevimbisha manyoya, na akanidonoa mkono nilipomsogeza. Furaha yangu ilikuwa ya mtu aliyeokota fedha iliyopotea. Sikujiuliza mayai yale yamekaa pale siku ngapi, wala kama yeye amekwisha kuanza kuyalalia kwa dhati, ingawa donoo lile lilikuwa jibu tosha. Niliyaosha, kwa maji baridi kama ilivyokuwa desturi yangu mbaya, nikachagua yale makubwa yenye sura nzuri, na jioni hiyo nikampelekea bibi anayeishi nyumba ya pili kutoka kwangu, ambaye alikuwa amenifanyia hisani zaidi ya moja.

Kesho yake alikuja mwenyewe, amebeba bakuli lililofunikwa. Ndani yake mlikuwa na unga ambao tayari ulikuwa umevunjiwa mayai matano mazuri, na la sita lilikuwa viza. Sitaielezea harufu ile. Aliyewahi kuinusa hahitaji maelezo yangu. Alichotaka si kunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliweka bakuli chini, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mayai haya yalikuwa ya lini?" Nikafungua kinywa ili nijibu, nikagundua kwamba sina jibu. Nikamwambia, "Nisamehe, Bibi, sijui." Akatikisa kichwa polepole, akasema kwamba mtu anayepokea yai hupokea neno la aliyempa, kwa kuwa ndani haoni.

Nilitafakari kauli ile kwa siku kadhaa. Tunda unalompa mtu analigeuza, analinusa, anaona palipooza. Yai limefungwa pande zote, na anayelivunja huwa amekwisha kuandaa mchanganyiko wake. Kwa hiyo yote anayoyajua juu yake ni yale unayoyajua wewe, na usipoyajua wewe, hakuna anayeyajua isipokuwa kuku, naye hasemi.

Tangu hapo kila yai linaloingia ndani ya nyumba yangu huandikwa tarehe kwa penseli siku linapookotwa. Mayai ya kiota kilichofichwa, hata yawe 20 na yenye kuvutia, hayatolewi kwa mtu. Yale ninayoyatilia shaka huyamulika usiku kwa tochi, nikiiegemeza kwenye ncha butu, na huko ndiko nilikojifunza kuiona nafasi ya hewa iliyo ndani ya ncha hiyo: ni ndogo kama sarafu katika yai jipya, na hukua kadiri maji ya ndani yanavyotoka polepole kupitia ganda. Ndiyo sababu pia yai jipya likitiwa kwenye maji huzama na kulala ubavu, la siku nyingi husimama wima, na lililozeeka sana huelea. Watu wengi hulipenda jaribio hilo la maji na huliamini kupita kiasi. Mimi nalitumia kwa mayai ninayokusudia kuyapika papo hapo tu, na sisahau kwamba linapima umri, halipimi usalama, kwa maana vijidudu vya salmonela vinaweza kuingia ndani ya yai hata kabla ganda halijatengenezwa, ikiwa kuku mwenyewe ameambukizwa, na yai la namna hiyo litazama vizuri kama mengine. Kwa sababu hiyo, ninapompelekea mayai mama mjamzito, mzee, mgonjwa au nyumba yenye watoto wadogo, huwa nasema waziwazi kwamba yapikwe mpaka ute na kiini vigande. Mwanzoni niliona haya kusema hivyo, kana kwamba naitukana zawadi yangu mwenyewe.

Mwaka jana kuku wawili waliugua nikawapa dawa, na kwenye chupa palikuwa na maelezo ya siku ambazo mayai yao hayapaswi kuliwa. Kwa kuwa kuku wote hutaga katika viota vilevile na sikuweza kutofautisha la huyu na la yule, nilisitisha ugawaji wote mpaka siku zile zilipopita. Rafiki mmoja alidhani nimemkasirikia.

Malalamiko mengine hunichekesha. Kuna ndugu aliyenipigia simu akisema mayai yangu yana kasoro, kwa sababu akiyachemsha hayamenyeki, ganda linaondoka na nusu ya ute. Ilinibidi nimweleze kwamba hiyo ndiyo alama ya upya wake: ute wa yai jipya bado una gesi ya kaboni dioksidi ndani yake, hivyo hauna ualkali mwingi, nao hushikamana na ngozi ya ndani ya ganda, kwa hiyo ayaweke juma moja au zaidi kwenye jokofu, kisha ayachemshe. Sidhani kama aliniamini. Mwingine aliona tone la damu juu ya kiini akasadiki kwamba ni mwanzo wa kifaranga, ilhali jogoo nilikwisha kumtoa zamani, na tone lile hutokana na mshipa mdogo unaopasuka wakati kiini kinatengenezwa.

Kigumu kuliko vyote ni msimu wa kunyonyoka manyoya. Kuku huacha kutaga kwa majuma kadhaa, kwa kuwa lishe nyingi huelekezwa kwenye manyoya mapya, na wale waliozoea kupokea huanza kuuliza. Zamani nilikuwa nawapunguzia wote kwa usawa, mawili huku, moja kule, hata ikafika mahali napeleka mayai ya majuma matatu ili mradi mtu asikose. Nimeacha. Naona ni afadhali mtu akose kuliko apokee kilichokusanywa kwa tabu mpaka kikachakaa, na nimegundua kwamba watu huelewa upesi wanapoonyeshwa kuku aliyebaki shingo tupu.

Rafiki yangu mwingine naye anafuga. Kwake napeleka mayai ndani ya bakuli lake mwenyewe, na trei zake sizileti nyumbani, maana maradhi ya kuku husafiri kwa urahisi juu ya karatasi ile isiyooshwa. Bibi hafugi, kwa hiyo trei yake ndogo ya mayai sita huenda na kurudi, na kila inaporudi huwa ameikung'uta na kuiweka juani.

Leo nimeokota mayai matano. Manne nimeyaandika tarehe na kuyapanga kwenye trei hiyo, ncha butu ikiwa juu, pamoja na moja la jana, na nafasi ya sita itajazwa kesho Mungu akipenda, kisha nitampelekea. Nikifika hatanishukuru kwanza. Atalitoa yai moja, atalisogeza karibu na macho, na kusoma tarehe kwa sauti, kisha atanitazama kana kwamba nimefaulu mtihani.

Lile la kuku mwekundu sikuliandika kitu. Nililivunja kikaangoni lingali na vuguvugu, na ute wake ulikuwa na ukungu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi.