Kumbe uliona

Leo siku ya nne na lile neno halijatoka kichwani. Nimelala nalo, nimeamka nalo, jana nimekata mbao ya kadre (fremu ya picha) ya mteja ikapungua sentimita mbili juu ya kulifikiria, na bosi ananiangalia tu hasemi kitu.

Wa zamani humu mnalijua tablo la mama wa makala, ile picha niliyomchora mama muuza makala (mkaa) anayekaa ng'ambo ya karakana yetu huku Kenya (komini ya Kenya hapa Lubumbashi, Kongo, si nchi, ndugu wa Nairobi mtulie). Basi Jumatatu rangi ilikauka, nikasema kabla halijapata mnunuzi mwenyewe alione. Nikavuka barabara nimelibeba kichwani kama mtu anahamisha mlango.

Akajifuta mikono kwenye kitenge, na wala hakuligusa. Akaanza kuangalia chini, kwenye miguu, na miguu nilikuwa nimeiweza kweli, kisigino kimepasuka, ukucha wa dole gumba mweusi wa vumbi la makala. Akapanda polepole mpaka kwenye shingo, mpaka mkono ulioshika shavu. Mimi nasubiri sifa.

"Ni mimi huyu?"

"Ni wewe mama."

"Mbona naangalia chini?"

"Ile siku ulikuwa umechoka, mama."

"Kumbe uliona."

Basi. Akageukia mteja, akaendelea kupanga mafungu yake.

Sasa, kumbe ziko nyingi. Kuna ya furaha, kuna ya kushtuka, kuna ya mtu amekukamata na mkono ndani ya sufuria. Ya kwake ilikuwa ya chini, haina hasira hata kidogo na hiyo njo inaniua, maana angekasirika ningesema pole tukamaliza. Nimeijaribu kwa sauti nikiwa bafuni ili nijue ni ipi, mama watoto akauliza nagombana na nani.

Maana ni kweli niliona. Ile siku watu wa baiskeli wa njia ya Kasenga walimuachia magunia pembeni ya barabara wakaenda, akaanza kuyavuta mwenyewe moja moja, na sisi karakana tuko wanaume watatu. Alipomaliza akakaa, akashika shavu. Mimi niko mlangoni na penseli, na nilichokuwa nawaza, Mungu anisamehe, ni asisogee, mwanga uko mzuri.



Mnajua tangu Beaux-Arts, chuo cha sanaa, nilikuwaga namsema vibaya Luke Fildes, yule mchoraji Mwingereza. Alichora maskini wa London wamepanga mstari usiku wa baridi nje ya kituo cha polisi wakingoja karatasi ya kuingia kulala, kwanza kama mchoro wa gazeti la The Graphic mwaka 1869, halafu tablo kubwa mwaka 1874, na alikuwa anawaleta watu wa barabarani wenyewe wasimame mbele yake. Watu walijazana kuliangalia mpaka ikabidi liwekewe uzio na polisi. Na yeye baadaye akajijengea jumba. Nilikuwa nacheka, nasema huyo alijenga kwa baridi ya wengine. Leo naona mimi ni yeye, kasoro jumba.

Ila huyo huyo mwaka 1877 alifiwa na mtoto wake, na mwaka 1891 akatoa tablo la daktari. Mtoto amelazwa juu ya viti viwili vilivyounganishwa, viti havifanani hata, wazazi wako nyuma gizani, daktari amekaa ameshika kidevu anamuangalia. Hafanyi kitu. Anaangalia tu, kama mimi mlangoni. Lakini yule daktari alitoka kwake akaja akakaa.

Na kwetu sebuleni nimekua chini ya Colonie Belge (Koloni la Ubelgiji), yale matablo ya kina Tshibumba Kanda-Matulu ya miaka ya 70, yaliyochorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Mfungwa amelazwa chini, askari anapiga fimbo, mzungu amesimama pembeni. Watu wa kazi za hapa Lubumbashi walitoa pesa zao wakanunua mateso yao wenyewe, wakayatundika juu ya kanape, wakayaita ukumbusho. Sijasikiaga mtu amemwambia mchoraji kumbe uliona. Angeambiwa vipi, fimbo zilipita nyumbani kwao pia. (Ndege na samaki wa mchoraji Pilipili nao hakuna anayewauliza kama wamechoka, labda nirudi huko.)

Basi leo asubuhi nasikia, "Fundi! Lile tablo umeshauza?"

"Bado, mama."

"Bei gani?"

Nikasema dola 60. Alicheka mpaka akapiga makofi, vumbi la makala likaruka. "Sitini! Kumbe uchovu wangu uko na bei, na miaka yote nauza makala!" Nikacheka na mimi, sikupanga. Halafu akasema niongeze kitenge cha buluu, kile cha kanisani, na hereni. Nikamsaidia na gunia moja akanifokea nimeliweka kwenye maji.

Kitenge sijui. Nikimvalisha nguo ya Jumapili juu ya magunia tablo litakuwa uongo, na nisipomvalisha nitakuwa nimemkatalia kitu kimoja tu alichoomba. Saa hizi nimeweka hereni, moja, ya upande wa kulia.

Halafu hapa mezani kuna hii noti ya dola 50 nimegundua jana, imechanika kwenye kona, kidogo sana, kama mdomo wa sisimizi. Mbadilisha pesa wa kwanza amekataa, wa pili anataka anipe 40. Nimeibana ndani ya Biblia. Kodi ni tarehe 1, na mwenye nyumba wetu noti anaziangaliaga juani.